Joto la Tumbo la Tukutuku

Jumamosi, 1 Machi 1913
Mimi Kibwana bin Shomari ndiye mtu wa kwanza kuzaliwa Morogoro kuendesha tukutuku. Nimeiendesha kutoka boma hadi mtoni na kurudi, kuku wote wakanipisha, na wanawake waliokuwa wanateka maji wakapiga vigelegele.

Jumapili, 2 Machi
Nimesoma niliyoandika jana nikaona haya. Sikuendesha. Nilikaa juu yake ikiwa imezimwa, nikatoa sauti yake kwa mdomo. Kuku hawakunipisha, na mmoja alikuja akanidonoa kidole cha mguu. Lakini kukaa nilikaa, hilo wallahi ni kweli.

Daftari hili ni la serikali. Kwa mbele nimeamriwa niandike namba. Kwa nyuma hakuna aliyesema neno, kwa hiyo kwa nyuma ni kwangu.

Jumatatu, 3 Machi
Nieleze kazi yenyewe, nisije nikafa watu wakadhani nilikuwa karani.

Kuna ndui huko milimani, upande wa Matombo. Dawa ya kuchanja inakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya vijichupa vyembamba kama miiba ya nungunungu, na haipendi joto hata kidogo. Mpagazi anachukua siku mbili kuifikisha, ikifika imekwisha kufa. Ndiyo maana bwana mganga, Mdachi mrefu mwenye miwani, kaleta tukutuku ya magurudumu matatu. Mawili yako mbele, moja nyuma, na katikati ya yale ya mbele kuna kiti kama sanduku. Humo nakaa mimi, dawa mapajani, imefungwa kwa magome ya mgomba yaliyoloweshwa maji.

Bwana huyu sisi tunamwita Bwana Kipimo. Anapima mvua, anapima vichwa vya watu, na kuna siku nilimkuta anampima mbu miguu. Sasa anataka kupima homa ya mashine. Tumboni mwa tukutuku mna mafuta, na tumbo hilo lina kizibo cha shaba. Kila kituo nafungua kizibo, natumbukiza kipimajoto cha kioo, nahesabu hadi sitini, nasoma, naandika. Ikipita tisini tusimame, kwani mafuta yakizidi moto yanakuwa mepesi kama maji na chuma kinaanza kula chuma.

Kwa nini asiandike dereva mwenyewe? Bwana kasema dereva atajipendelea. Akataka mtu mzima, mkweli, ajuaye namba. Akanipata mimi, niliyesoma shule ya serikali uzeeni, miezi minane, kabla ya kufukuzwa kwa kuiga mwendo wa mwalimu.

Jumatano, 5 Machi
Safari ya kwanza. Dereva ni Stefano, kijana wa misheni ya Matombo, nywele kazichana njia katikati kama barabara ya boma. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Sisi tunawazika wao, wao wanatuzika sisi, na katikati ya kuzikana tunatukanana.

"Shikamoo, mzee mchawi," kanisalimu.

"Marahaba, mwizi wa divai ya padri. Umekunywa ngapi leo?"

"Nilikuachia chupa moja, nikakumbuka wewe Mwislamu, nikaimalizia kwa niaba yako."

Bigwa 51. Kiroka, juu ya kilima, 74. Mkuyuni 70. Matombo 71. Dawa ilifika baridi kama tumbo la chura. Watoto walipanga mstari hadi kwenye migomba, wanalia kabla ya kuguswa.

Nimemuuliza Stefano, mafuta yako chini na moto uko juu, sasa yanapataje joto?

"Vyuma vinasuguana, mzee. Sugua viganja vyako uone."

Nimesugua hadi Mkuyuni. Ni kweli.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Magoti.

Jumatano, 12 Machi
Kiroka 73.

Leo Stefano kaongeza mafuta kutoka kwenye debe lake, na mimi nikainamisha pua. Nikacheka hadi kizibo kikaniponyoka. Mafuta haya yaliyokuja na meli, debe limeandikwa maneno ya Kidachi marefu kama reli, ni mafuta ya mbarika! Yale yale ambayo bibi yangu alikuwa akinikamulia akinishika pua nimeze. Mdachi kavuka bahari kuniletea mbarika, na mbarika inaota nyuma ya choo changu.

"Ndiyo yanayovumilia moto kuliko mengine," Stefano kasema. "Hayapungui uzito."

Tumbo langu linakumbuka hivyo pia.

Jumamosi, 15 Machi
Kipimajoto kinalala kwangu, na mimi sina subira na kitu kinachojua mambo. Nimepima. Maji ya mto 21. Uji 77. Kwapa langu 37. Paka alikataa. Mke wangu Mwajuma naye alikataa, na alikataa kwa mwiko. Yeye anapika vitumbua pale stesheni, nikamwomba nitumbukize kwenye mafuta yake ya ufuta yaliyo jikoni.

"Toa kioo chako hapo, Kibwana. Mimi najua mafuta kwa pua. Yakiwa tayari yanasema."

"Yanasema nini?"

"Yanasema mwanamume asiye na kazi aondoke jikoni."

Jumatano, 19 Machi
Kiroka 74.

Jumapili, 23 Machi
Pasaka ya Wakristo. Stefano kaimba kanisani hadi sauti imekauka. Mvua imenyesha tangu alfajiri, milima haionekani, utadhani kuna mtu kaichukua.

Jumatano, 26 Machi
Kiroka 73. Nimeanza kuchoka na mgonjwa asiyeugua.

Jumamosi, 29 Machi
Masika yameingia kwenye magoti yangu na kufunga mlango kwa ndani. Usiku sikulala. Asubuhi nikakumbuka kwamba bibi alikuwa anapaka magoti mbarika ya moto. Nikaenda banda la tukutuku. Stefano hakuwepo. Nikachota vikombe viwili kwenye debe lake. Si mtani wangu? Mtani akikuta kuku wa mtani wake anachinja, na mwenye kuku anacheka. Ndiyo sheria yetu.

Ila debe lilionekana limepungua, nami sikutaka maswali. Nikaenda jikoni nikachota ufuta wa Mwajuma vikombe viwili, nikajaza. Mafuta ni mafuta.

Magoti yamecheka leo.

Jumatano, 2 Aprili
Kiroka 79. Njia ina tope, gurudumu la nyuma linateleza kama mlevi. Bila shaka ni tope.

Jumamosi, 5 Aprili
Magoti tena. Vikombe viwili tena, na viwili vya ufuta mahali pake. Mwajuma kauliza ufuta wake unakwenda wapi. Nimesema panya.

Jumatano, 9 Aprili
Kiroka 87. Stefano kashuka, kazunguka mashine, kaipapasa kama ng'ombe aliyegoma kula. "Sijui ina nini, mzee mchawi. Hebu itolee pepo." Nimeisomea Fatiha. Mkuyuni 85. Labda Fatiha inashusha mbili.

Jumamosi, 12 Aprili
Vikombe vitatu. Mvua haina huruma. Mwajuma kaweka mtego wa panya jikoni, nikaingiza kidole.

Jumatano, 16 Aprili
Naandika kwa taa.

Bigwa 70. Sikupenda. Hatujafika nusu ya kilima cha Kiroka moshi ukaanza kutoka, mweupe, na sauti ya mashine ikabadilika, ikawa kama mtu anayetafuna mchanga. Stefano kazima haraka. Nikafungua kizibo, mafuta yakanirukia kwenye kifundo cha mkono. Nikahesabu hadi sitini huku nauma meno. 104.

Tukangoja. Mvua ilikuwa imekatika na jua likatoka lile la masika, linalochoma kama limetukanwa. Hakuna mti karibu. Magome ya mgomba yakakauka. Nikashuka bondeni kutafuta maji, na kwa magoti yangu ni safari ya nusu siku. Niliporudi nikaweka kipimajoto kwenye furushi la dawa. 35. Dawa ina joto la mtu. Stefano kalitazama lile furushi, akaiwasha mashine.

Tulifika Matombo jioni. Mchanjaji kachukua vijichupa, kavitazama kwenye mwanga, kavirudisha. Watoto walikuwa bado kwenye mstari, wamenyeshewa, wamekauka, wamesinzia. Akawaambia warudi nyumbani. Mama mmoja, Veronika jina lake, kambeba mtoto mgongoni, kauliza, "Tumetembea tangu jana. Kesho je?" Mchanjaji kasema kesho hakuna, dawa nyingine ni wiki ijayo. Kauliza, "Na ndui nayo itangoja wiki ijayo?"

Mchanjaji kageuka akaingia ndani. Na mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, nilikuwa nafuta kipimajoto.

Ijumaa, 18 Aprili
Bwana Kipimo kaita daftari. Kasoma kwa mbele, kidole kinashuka namba hadi namba: 74, 73, 74, 73, 79, 87, 104. Kamgeukia Stefano.

"Mashine ile ile. Njia ile ile. Kitu gani kimebadilika? Wewe. Unakimbia."

"Sikimbii, bwana. Muulize mzee."

Kaniuliza. Nikasema hakimbii. Kasema, "Wewe andika namba tu. Namba hazina urafiki."

Hukumu: Jumamosi ya tarehe ishirini na sita Stefano atapelekwa bomani, viboko ishirini na tano, halafu minyororo miezi mitatu kwenye kazi ya barabara. Mpaka siku hiyo aendelee kuendesha, maana hakuna mwingine ajuaye. Hiyo ndiyo akili ya serikali: mwenye hatia akusafirishe kwanza.

Jambo linalonikereketa ni hili. Namba ni zangu. Nimeziandika kwa ukweli mtupu, na ukweli wangu unampiga mtu asiye na kosa. Kuna kitu kimebadilika na si Stefano. Ni nini?

Jumapili, 20 Aprili
Stefano kaijaribu tukutuku barabara ya stesheni. Ilipopita mbele ya vitumbua, Mwajuma kainua kichwa, pua juu.

"Mbona mashine yenu inanuka jiko langu?"

Watu wakacheka. Mama mmoja kasema, "Labda nayo inauza vitumbua."

"Siwatanii," Mwajuma kasema. "Huo ni ufuta. Ufuta ulioungua. Mimi ufuta nimeuchoma miaka thelathini, siwezi kuukosea."

Wote walicheka isipokuwa mtu mmoja, naye ameketi hapa anaandika.

Jumatatu, 21 Aprili
Nimeligeuza daftari mbele na nyuma, kama mtu anayechoma muhogo. Kwa mbele namba zinapanda kuanzia tarehe mbili Aprili. Kwa nyuma, tarehe ishirini na tisa Machi, mwandiko wangu mwenyewe: mafuta ni mafuta. Vikombe viwili, 79. Viwili tena, 87. Vitatu, 104. Zinafuatana kama bata.

Mafuta si mafuta. Mbarika inavumilia, ufuta hauvumilii. Niseme ukweli: kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa majuto. Kilikuwa furaha. Nimegundua! Nilisimama nikazunguka chumba. Halafu nikamkumbuka Veronika na mtoto mgongoni, nikakaa chini.

Nimemwambia Mwajuma. Nilidhani mwiko utaruka. Kauweka chini.

"Kwa hiyo panya ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi panya, inuka. Dada zangu wa Bigwa wana vibuyu viwili vya mbarika safi. Nenda kwa hayo magoti yako uliyoyapendelea."

Jumanne, 22 Aprili
Nimerudi na vibuyu. Nimemkuta Stefano bandani anasugua mashine ingawa haina vumbi. Nikamwambia yote, nikaishia kwa kicheko, nikangoja na yeye acheke, maana sheria ya utani ni kwamba mchinja kuku hacheki peke yake, wala mwenye kuku hakasiriki.

Hakucheka.

"Mzee," kasema, "mtani akichukua kitu changu, anakichukua mimi namwona. Ananiita jina, ananitukana, anabeba, nami namkimbiza na fimbo ya uongo. Wewe ulingoja niondoke. Ukajazia ili nisijue. Huo una jina lingine."

Nimekuwa mtani kwa miaka sitini na kitu na kijana wa juzi kanifundisha. Nikavitua vibuyu. Tukamwaga mafuta yote ya zamani, tukaosha tumbo la mashine kwa petroli, tukajaza mbarika ya Bigwa. Ufuta ule tuliumwaga shimoni. Mwajuma asiujue huo mwisho.

Jumatano, 23 Aprili
Asubuhi kanisalimu, "Shikamoo, mzee." Basi. Bila uchawi. Hilo lilinichoma kuliko yale mafuta.

Bigwa 50. Kiroka 73.

Nimepima mara tatu. 73, 73, 73. Dereva yule yule, kilima kile kile, tope lile lile. Mbarika iliyokamuliwa na shemeji zangu kwenye chungu haikupitwa na ile ya meli hata kwa nukta moja. Dawa ilifika baridi. Veronika alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mtoto kanitemea mate, nikayastahili.

Ijumaa, 25 Aprili
Nimekwenda kwa Bwana Kipimo peke yangu. Ningeweza kunyamaza, mashine imepona, hakuna anayejua. Lakini kesho ni Jumamosi.

Nikamwekea daftari mezani, mbele na nyuma. Nikasema, "Bwana, ulisema namba hazina urafiki. Hizi zina. Zinamtetea Stefano. Soma kote."

Kiswahili anakisoma polepole, mdomo unatembea. Alifika pale pa kuku. Alifika pale pa mbu.

"Bwana Kipimo ni nani?"

"Ni jina la heshima, bwana."

Kaendelea. Uso ukawa mwekundu, nikajua nimekwisha. Halafu kasimama kwenye vikombe, karudi kwenye namba, kachukua kalamu akaanza kuchora vijimistari kwenye karatasi yake. Kavichora muda mrefu. Hasira ilikuwa bado usoni, ila imesahauliwa hapo, kama kofia ya mtu aliyetoka.

"Kikombe hicho ni kikubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Kaagiza kiletwe.

Hukumu mpya: Stefano hana kosa, aendelee na kazi. Mimi viboko kumi. Vingekuwa ishirini na tano lakini nina mvi. Wakati nainamisha kichwa, kaongeza: vitapigwa masika yakiisha. Kwanza anataka tupime tena, siku zisizo za dawa, kikombe kimoja kimoja cha ufuta, mpaka ajue ni kikombe cha ngapi kinachoiuguza mashine. Na anayepima awe mimi.

Kwa hiyo nimehukumiwa kufanya tena kosa lile lile, mara hii kwa amri.

Alhamisi, 1 Mei
Kikombe kimoja, juu ya kilima cha Bigwa, si pale kituoni: 72. Bila ufuta ilikuwa 69. Stefano anaendesha, haongei.

Jumatatu, 5 Mei
Vikombe viwili: 75. Nimemuuliza kama anajua kisa cha padri na nyuki. Kasema anakijua. Hakijui, nilikuwa nakitunga.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua kubwa. Hatukutoka. Magoti yanalia na sijayapaka kitu.

Jumatano, 14 Mei
Safari ya dawa, mbarika tupu. Kiroka 74. Mchanjaji kasema ndui haijaonekana Mkuyuni wiki mbili. Mtoto wa Veronika ana kovu zuri begani. Nimeomba ruhusa kulitazama. Limekaa kama muhuri wa boma.

Jumamosi, 17 Mei
Vikombe vitatu: 81. Nimemwambia bwana kwamba nina mashaka, turudie. Karidhika sana. Kasema mtu wa elimu hurudia. Mimi narudia kwa sababu masika yanaisha.

Alhamisi, 22 Mei
Tumerudia. 81. Namba hazina urafiki hata na mimi.

Jumanne, 27 Mei
Mawingu yamekonda. Milima imerudi mahali pake, kijani mpaka inaumiza macho. Kila mtu anafurahia jua. Mwajuma kaniuliza mbona natazama juu nikiomba mvua.

Jumamosi, 31 Mei
Leo.

Jumapili, 1 Juni
Naandika nimesimama, daftari juu ya dirisha.

Askari aliyenipiga ni mtu wa mbali, mkono mrefu. Nilikuwa nimejiambia nitahesabu kama ninavyohesabu kwenye kizibo, taratibu, niwe mtu wa kupima mpaka mwisho. Nilihesabu hadi nne. Baada ya hapo sikuwa na elimu yoyote. Waliokuwapo wanasema vilitimia kumi, na kwamba nilisema mambo juu ya bibi yake askari ambayo hata utani hauyaruhusu.

Kipimajoto bwana kakichukua jana hiyo hiyo, kazi imekwisha. Inanisikitisha. Ningekuwa nacho leo ningejipima pale palipopigwa nikaandika kwa mbele, chini ya Kiroka. Nadhani nimepita tisini.

Stefano alisimama kando ya uwanja muda wote, kofia mkononi. Walipomaliza kanishika mkono hadi nyumbani, na tulipofika mlangoni mdomo wake ulitikisika kidogo upande mmoja. Niliuona.

Sasa, Stefano. Daftari hili linarudi bomani Jumanne, na wewe ndiye wa kulipeleka, na najua utalisoma njiani, maana ningekuwa wewe ningelisoma. Vile kumi vilikuwa vyangu na nimevipokea. Lakini mtani ana haki yake, na haki yangu kwako imelala tangu Aprili. Kwenye debe lako mna mbarika. Niletee kijiko kimoja. Si cha magoti, magoti sasa hivi hayana malalamiko ukiyalinganisha na jirani yao wa nyuma. Uniletee mwenyewe, mchana, watu wakiona. Na ukifika mlangoni usiniamkie kama mkwe. Nitukane kwanza, ndipo uingie.